Boneti ya Ukutani

3 Machi

Kaka,

Zile salamu ndefu za shuleni, za kuulizana afya mpaka karatasi inaisha, leo nazikata. Sote wazima. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kopo la praima, maana nikikaa nainuka tena.

Baba amenipa bastola ya rangi. Ndiyo, hiyohiyo yako, iliyoning'inia kwenye msumari miaka mitatu bila mtu kuigusa. Aliitungua mwenyewe mbele ya mchomeleaji na fundi wa mataili, akasema, "Kuanzia leo gereji hii ni ya huyu binti. Mimi nakaa mlangoni kwenye kigoda changu. Sitaingilia tena kazi ya mtu." Mama akapiga kigelegele. Mimi nilicheka kwa nguvu ili wasione ninavyoogopa.

Kazi ya kwanza ni boneti ya gari la Mwalimu wa udereva. Unamkumbuka, yule mama anayepiga kelele "Breki!" hata akiwa anatembea kwa miguu. Wanafunzi wake wamelibamiza gari mpaka linaomba likizo. Nimenyoosha bati, nimepaka puti, nimesugua, nimepulizia. Kaka, nilipovua barakoa nikakuta rangi imejaa macho ya samaki. Vishimo vya duara, rangi imekimbia pembeni, praima inachungulia chini. Vilevile kama boneti yako.

Na boneti yako bado ipo ukutani. Baba aliitundika kwa waya siku uliyoondoka, na mpaka leo kila mteja mgeni anaonyeshwa: "Mkono mchafu hufanya hivi." Nimepita chini yake miaka mitatu. Sasa nikipita nainamisha kichwa.

Wateja wanamwita Mzee Kiganja kama zamani. Akipitisha kiganja chake juu ya bati, hata kwa kile kidole cha pete kilicholiwa nusu na mkanda wa feni, anakuambia puti imezidi wapi. Basi safari hii alisimama katikati ya gereji, watu wote wapo, akasema, "Kumbe ni ukoo mzima wa mikono michafu. Ya kwanza nasamehe. Ikifika ya tatu, bastola inarudi msumarini na wewe unakwenda kuuza dukani kwa shangazi yako." Wewe pia alikuhesabia tatu. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya msasa, nakumbuka kila neno.

Sitaki duka la shangazi. Naitaka kazi hii, naitaka kweli, na hakuna kingine ninachokijua. Niandikie hatua kwa hatua, tangu kufuta bati mpaka kufunga skrubu za bastola, kana kwamba sijui lolote. Simu yako haipatikani, na hata ungepokea, hapa siwezi kuongea. Macho ya Baba yamepungua, ingawa hataki lisemwe, na masikio yamechukua zamu. Dereva wa lori la mbao anasema anapita kwenye yadi yenu na kurudi kila baada ya siku tatu nne. Mpe jibu yeye. Usichelewe.

Mdogo wako,
Msasa (jina ulilonipa wewe, na ulimi wangu bado haujalainika)


8 Machi

Msasa,

Barua yako nimeisoma nikizunguka yadi. Dereva wa mbao alidhani nimefiwa.

Sikiliza. Rudi mwanzo. Saga boneti yote upya, usiweke viraka. Kabla ya kusaga, osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza, acha ikauke juani. Halafu futa mafuta kwa thina kabla hujagusa msasa, kwa sababu ukisugua bati lenye mafuta unayashindilia ndani ya mikwaruzo. Watu wengi hukosea hapo. Tumia vitambaa viwili: cha kwanza kilicholowa thina kinalegeza, cha pili kikavu kinafuatia nyuma yake kabla thina haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe hujafuta kitu, umehamisha tu.

Praima ikishakauka, piga msasa wa maji, namba mia nane, na kipande cha mpira nyuma ya karatasi, si vidole. Vidole huchimba mifereji. Kausha. Futa tena kwa vitambaa viwili. Mwisho kabisa kile kitambaa cha kunata cha kuokota vumbi, kwa uzito wake tu, usikandamize. Baada ya hapo bati lisiguswe tena.

Kompresa: fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi, maji yatoke mpaka upepo uje mkavu. Nina wasiwasi na maji kuliko kitu kingine. Mpira wa upepo upulizie kwenye kioo safi. Ukiona ukungu, tatizo ni hilo.

Bastola: ifungue yote, sindano, mdomo, kofia ya upepo, osha kila tundu. Usichokonoe kwa waya. Skrubu ya rangi funga mpaka mwisho, halafu fungua mizunguko miwili na nusu. Skrubu ya upana fungua yote. Upepo uupime huku umebonya kifyatulio, usiupime bastola ikiwa imelala. Jaribu kwenye boksi ukutani, umbali wa shibiri moja. Unataka umbo la yai lililovutwa. Ikijaa katikati, upepo ni mdogo. Ikigawanyika juu na chini, umezidi. Kisha tembea na mkono wote sambamba na bati, usiupinde mkono kama anayefagia, na kila mstari ulalie nusu ya ule uliotangulia.

Na uvae barakoa yenye chujio, si kile kitambaa cha Baba.

Hapa kazi ni nyingi. Wananiita Daktari. Wasalimie wote, hata yeye.

Kaka yako


15 Machi

Kaka Daktari,

Imetoka tena. Mara ya pili.

Nilifanya kila neno. Barua yako niliibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, nikawa nasoma na kufanya, kusoma na kufanya. Koki ilitoa maji yenye kutu nusu kikombe, nikafurahi, nikasema mwizi kakamatwa. Kioo kilibaki kikavu. Umbo la yai lilitoka zuri mpaka nikamwita mchomeleaji aje alione. Nikafuta mara ya mwisho, nikapitisha kitambaa cha kunata, nikaenda chumba cha nyuma kuvaa ovaroli safi, kuchuja rangi na kufunga bastola. Nikarudi. Mkono wa kwanza wa rangi, kaka, ulilala kama maziwa. Nikahesabu mpaka kumi, na vishimo vikaanza kufunguka kimoja baada ya kingine mbele ya macho yangu. Nilitamani kuirusha bastola barabarani.

Nimeacha mafuta ya nywele. Nimefunga kichwa kitambaa kama anayetibiwa jeraha. Fundi wa mataili nimemkataza kung'arisha mataili upande wetu, na sasa hanisalimii. Jana Mama alikuwa anamchua Baba vidole, kama anavyofanya kila asubuhi, akanitazama nilivyo akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nenda kafue ovaroli." Nimeifua mara mbili. Imebadilika rangi, bahati yangu haijabadilika.

Baba hakupiga kelele safari hii. Alikaa mlangoni akasema taratibu, "Imebaki moja." Afadhali angepiga kelele. Mwalimu anakuja kuchukua gari tarehe 27, na tayari shangazi ameshatuma ujumbe kwamba kitanda changu kipo. Nani alimwambia?

Na wewe, samahani, nitasema: wewe unaficha kitu. Kurasa mbili za skrubu na sindano, na juu yako mwenyewe mstari mmoja. Unapaka magari mangapi kwa siku huko? Ya rangi gani? Kwa nini huji hata siku mbili ukasimama nami? Mwendo wa lori ni saa nane tu, si safari ya mwezini. Uliondoka umebeba mfuko mmoja na hukugeuka nyuma, nikakuonea huruma miaka yote hii, lakini leo nimekasirika. Umeniacha na huyu mzee, na ukuta huu, peke yangu.

Nimekuchorea jinsi vishimo vilivyokaa, mara zote mbili, kama utaweza kusoma ugonjwa. Havijatawanyika. Vimekaa mistari, karibu na katikati, upande wa dereva. Mistari mitatu mirefu na mmoja mfupi, na nyuma yake doa pana. Mara ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, ila imeinama kidogo.

Msasa


18 Machi

Msasa,

Barua fupi, dereva anapiga honi.

Usipulizie chochote. Usimwambie mtu chochote. Fanya mambo mawili.

La kwanza: chukua chaki, panda ngazi, na kila kishimo kwenye boneti yangu ya ukutani kizungushie duara. Halafu shuka, rudi nyuma hatua tano, utazame.

La pili: futa bati kama ilivyo kawaida yako, nenda chumba cha nyuma kama ilivyo kawaida yako, lakini usichuje rangi. Chungulia kwenye ule ufa wa mbao, pale tulipokuwa tunachungulia wateja wanaobishana na Baba.

Naomba Mungu niwe nimekosea. Nimeangalia mchoro wako mpaka msimamizi akaniuliza kama ni ramani ya hazina.

Kaka yako


22 Machi

Kaka,

Hukukosea, na ulijua hukukosea.

Nilipanda ngazi Baba alipokwenda msalani. Nikazungusha chaki. Niliposhuka na kurudi nyuma hatua tano, nikakaa kwenye tairi. Ni mkono, kaka. Mkono mzima umepita juu ya boneti. Vidole vitatu vimevuta mistari mirefu, na kidole cha pete kimeishia nusu.

Halafu nikafuta bati la Mwalimu, nikaenda nyuma, nikachungulia. Baba alisubiri asikie nimefunga mlango. Akainuka, akaja akipapasa meza, hakuwa na fimbo. Kaka, haoni kabisa. Si kwamba yamepungua. Alipita karibu na ndoo nyekundu akaigonga na kushtuka. Akafika kwenye boneti, akaweka kiganja, akakipitisha polepole sana, ameinamisha kichwa kama anasikiliza. Kisha akatabasamu. Alitabasamu, unasikia? Akarudi kwenye kigoda chake, akakaa kama hakuwahi kuinuka. Nilikwenda nikatazama bati kwa kuliinamia kwenye mwanga. Mafuta yamekaa palepale.

Nikakumbuka ya Mama. Yale mafuta ya mgando anayochanganya na dawa ya viungo, anayomchua nayo kila siku. Nikamuuliza kwa mzunguko alianza lini. "Mwaka ule vidole vilipokakamaa," akasema, "mwaka alioondoka kaka yako." Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa.

Zamani alikuwa anapitisha kiganja mara moja tu, kabla hatujafuta, mbele ya kila mtu, na mkono ulikuwa mkavu. Macho yalipoanza kwenda akaanza kuja mara ya pili kwa siri, ahakikishe. Yeye mwenyewe alitufundisha bati lililofutwa haliguswi! Alikuwa anatuharibia kazi kwa mkono uleule aliotufundishia.

Mara tatu alikuaibisha. Mara tatu, mbele ya watu, na kila mara ni yeye. Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Nimeamua. Tarehe 26 nitafuta bati, nitamwita mchomeleaji, fundi wa mataili, Mama, na Mwalimu mwenyewe kama atakuwepo, tusimame wote nyuma ya mlango. Tutamshika mkono juu ya boneti. Alikusema mbele ya watu, nami nitamsema mbele ya watu. Halafu nitaikata ile boneti ya ukutani kwa msumeno, na wewe utarudi nyumbani.

Nijibu haraka, ingawa sijui utasema nini cha kunizuia.

Msasa


24 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza nilikuunga mkono kwa kila kitu, nikaongeza na matusi. Nimeichana. Ya pili nilijifanya nimesamehe. Hiyo nayo nimeichana, maana ilikuwa ya uongo kuliko ya kwanza.

Nimekasirika. Acha nilitaje hilo kwanza. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Uliniuliza napaka magari mangapi kwa siku. Sipaki hata moja. Sijashika bastola tangu siku ile. Hapa nakwangua kutu kwenye malori na kupiga msasa, basi. Mwaka wa kwanza msimamizi alinipa bastola, nikamwambia nina tatizo la macho. Mimi! Ukweli ni kwamba nilimwamini Baba. Niliamini kuna kitu kwenye mikono yangu, uchafu usioonekana, kitu nilichozaliwa nacho. Nanawa kabla ya kazi, katikati ya kazi, baada ya kazi, mpaka ngozi inapasuka. Ndiyo maana wananiita Daktari. Hawanisifu, wananicheka. Wewe uliposoma ulidhani nimekuwa bingwa, na mimi nikakuacha udhani hivyo.

Kwa hiyo nilipoona mchoro wako niliketi chini kwenye vumbi la kutu, nikacheka, halafu nikalia, halafu nikanawa mikono kwa mazoea. Nilipomaliza kunawa nikaitazama. Ni mikono tu.

Sasa la muhimu. Usifanye hilo la tarehe 26. Nakuomba kwa jina la Mama. Mtu ambaye macho yameondoka, ukimkamata kiganja mbele ya watu, umembakishia nini? Anapolipapasa lile bati haharibu kazi yetu makusudi. Anataka kujua tu kama bado anaweza kujua. Najua hofu hiyo, mimi nimeishi nayo miaka mitatu. Sitaki kurudi nyumbani kwa njia ya kumvunja.

Wala sijui njia nyingine ni ipi. Ningekuwa na hekima ningekuandikia. Mfanyie udanganyifu wowote, mfungie mlango, mtume sokoni. Nampa dereva wa mbao barua hii mkononi na namwapisha asisimame popote. Nahesabu saa. Nikisikia lori lolote likiingia natoka nje.

Kaka yako, ambaye si daktari


26 Machi

Kaka,

Lori liliharibika gurudumu, barua yako imefika saa kumi jioni. Kwa hiyo hukunizuia wewe. Nilijizuia mwenyewe, na sijui kama nilifanya vema. Ngoja nikueleze.

Asubuhi nilikuwa tayari. Nilishamwambia mchomeleaji aje saa nne. Nikaingia nikamkuta Baba kwenye kigoda, Mama anamchua vidole, na yeye anamwambia, "Leo taratibu, leo binti yangu anapulizia ya mwisho. Nataka vidole vyangu viwe hai." Kaka, ulimi wangu unaujua. Haukusogea. Nikatoka nikaenda dukani mbio, nikanunua glavu nyeupe ya pamba, ile ya watu wa gwaride. Yule mchomeleaji nilimwambia kazi imeahirishwa. Akaudhika. Shauri yake.

Nikafuta bati. Vitambaa viwili. Kitambaa cha kunata. Halafu nikaiweka glavu kwenye ukingo wa boneti, upande wa dereva, pale ambapo mkono wake hutua kwanza. Nikaenda nyuma nikafunga mlango kwa kelele, nikaweka jicho kwenye ufa.

Alikuja. Mkono ukatua kwenye glavu. Akasimama kama aliyeitwa jina. Aliishika, akaipapasa kidole kimoja kimoja. Kisha akaivaa. Kile kidole cha pete cha glavu kilibaki kimening'inia kitupu. Akapitisha kiganja juu ya bati, mara moja tu, akarudi kukaa.

Nimepulizia, kaka. Mizunguko miwili na nusu, shibiri moja, kila mstari umelalia nusu ya mwenzake. Nilihesabu kumi, nikahesabu ishirini, nikahesabu mpaka nikapotea. Hakuna kitu. Boneti nzima imelala, naona taa ya dari ndani yake mpaka nyuzi za balbu. Nikapiga ukelele, Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Baba akauliza kutoka mlangoni, "Hata kimoja?"

"Hata kimoja, Baba."

"Glavu umeanza kuiweka lini?"

"Leo, Baba."

Baba bado alikuwa ameivaa. Halafu akasema, "Nishushie ile ya ukutani." Nikapanda ngazi nikakata waya. Duara za chaki zilikuwa bado zipo, lakini yeye hakuziona, wala sikumtajia. Nikamwekea mapajani. Akavua glavu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akauweka mkono mtupu juu ya rangi yako.

Hapo akaniambia nitoke nje nifunge mlango, na Mama pia.

Tangu saa sita mpaka sasa hajatoka. Kuna sauti ya msasa inasikika, inasita, inaanza. Nimesoma barua yako hapa nje nimekaa juu ya tairi, nikalia kwa ajili ya mikono yako, fundi wa mataili akasahau kwamba tumenuniana akaniletea maji. Sijui Baba atasema nini. Sijui kama atasema. Nazunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nafunga barua hivihivi, dereva anarudi sasa hivi.

Msasa


30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Huu ni mwandiko wa mama yako. Baba yako amekaa mbele yangu kwenye kigoda, ameniambia nichukue kalamu ya dada yako, anataka niandike neno kwa neno nisitie chumvi. Chumvi nitatia, mimi ndiye mpishi.

Anasema: Andika kwamba boneti imeshuka. Andika nimeipapasa. Vishimo nimevihesabu kwa vidole, na vidole vimeingia. Kidole cha pete kimefika palepale ule mstari mfupi unapoishia. Nimejaribu kuugeuza mkono huku na huku, uwe wa mtu mwingine. Umekataa.

Amegeuzia uso barabarani. Nangoja.

Anasema: Andika kwamba mkono mchafu ulikuwa wangu.

Mwanangu, na mafuta yalikuwa yangu, niliyachanganya kwenye kile kibakuli cha bluu, kila asubuhi, miaka mitatu. Nilidhani natibu. Kibakuli nimekitupa. Anasema nisiandike hilo, si la kwake. Nimeshaandika.

Anasema: Nilikusema mbele ya watu. Basi tarehe 27 nilimwita mchomeleaji, na fundi wa mataili, na Mwalimu wa udereva alipokuja kulipia na kuchukua gari lake. Nimewaambia hayohayo niliyokuandikia hapo juu. Nimewaambia na la macho, kwamba hayapo, wasinisogezee tena vikombe kwa siri wakidhani sijui. Mwalimu alilia. Halafu akamfokea mwanafunzi wake breki, akaondoka.

Anasema: Dada yako habanduki. Duka la shangazi yake litafute muuzaji.

Sasa anatafuna midomo. Alikuwa hivi siku uliyozaliwa.

Anasema: Ile boneti nimeisaga mwenyewe, siku mbili, kwa glavu, mpaka bati. Siyaoni macho ya samaki lakini najua hayapo. Dada yako ameitia praima, akaipiga msasa wa maji namba mia nane, akaifuta kwa vitambaa viwili kama ulivyomwandikia. Iko mezani, imefunikwa shuka jipya la mama yako. Rangi imekorogwa. Bastola imesafishwa kila tundu, iko kwenye msumari wako. Ukifika utaifuta tena mara moja, utaipulizia. Tangu ifunikwe hakuna mtu aliyeigusa. Mimi nimekaa nje ya mlango, mikono nimeitia mfukoni, na haitoki huko mpaka nisikie hatua zako.

Amemaliza. Anasema nifunge bahasha.

Mwanangu, ni kweli anachosema. Mikono iko mfukoni tangu asubuhi, na chai namnywesha mimi. Njoo upesi, mkono unaniuma.

Mama yako